Tuandike Koo Zetu, Tusizipambe

Kwa wengi wetu ukoo huandikwa siku moja tu, nayo ni siku ya mirathi. Mzee amekwisha kuzikwa, matanga yameanuliwa, na wanandugu wameketi chini ya mwembe kuandaa muhtasari wa kikao cha ukoo utakaopelekwa Mahakama ya Mwanzo ili ateuliwe msimamizi wa mirathi. Aghalabu anayekabidhiwa kalamu ni mwalimu, au yule kijana wa ukoo anayefanya kazi ofisini, maana ndiye ajuaye namna ya kuandika barua za serikali. Huandika majina ya wajane, ya watoto wa marehemu na ya ndugu zake walio hai, na kila aliyehudhuria akatia sahihi au dole gumba. Kisha karatasi ile huingia katika jalada, na jalada likaingia kabatini. Familia nyingi za nchi hii hazina nasaba nyingine iliyoandikwa ila hiyo.

Karatasi hiyo ina faida yake, lakini haikuandikwa kwa ajili ya kumbukumbu. Imeandikwa kwa ajili ya shamba, nyumba na mafao. Ndiyo maana hayumo shangazi aliyeolewa mbali akafia huko, wala mtoto aliyekufa akiwa na miaka mitatu, wala mke wa kwanza aliyeachwa kabla ya Uhuru, wala yule mama mkubwa aliyemlea marehemu baada ya mama yake kufa. Wote hao hawana mgawo, kwa hiyo hawana jina. Wajukuu wakija kuitafuta asili yao miaka hamsini ijayo watayakuta majina ya waliorithi, na watadhani kwamba huo ndio uliokuwa ukoo mzima.

Makala haya yanataka kuwahimiza walimu na watumishi wa umma wenzetu kuifanya kazi hiyo mapema zaidi, kwa nia nyingine na kwa utaratibu bora. Hapana shaka wapo watakaouliza: Je, huku si kurudisha ukabila kwa mlango wa nyuma? Taifa letu lilifuta mamlaka ya machifu kwa sheria mwaka 1963, na baada ya sensa ya mwaka 1967 mwananchi haulizwi tena kabila lake anapohesabiwa. Kwa nini basi leo tuhimizane kuchimba koo?

Swali hilo ni la haki, na halistahili kupuuzwa. Nasaba inaweza kuwa silaha mbaya mikononi mwa mtu anayetafuta ukubwa. Lakini anayetafuta ukubwa hafanyi utafiti. Huanza na babu aliyekuwa mtemi, akakomea hapo hapo, maana hana haja ya kujua zaidi. Mwenye kutafuta kwa uaminifu, akawafuata babu zake wote wanne na bibi zake wote wanne wa kizazi cha tatu, ni nadra sana asikutane na mgeni, mateka, mhamiaji, mtu wa lugha nyingine. Ukabila hustawi pale mtu asipoujua ukoo wake vizuri.

Chukua mfano wa Ungoni. Watu wa Zwangendaba walivuka mto Zambezi mwaka 1835 wakitokea kusini, na njiani wakachukua vijana na wanawake wa kila nchi waliyoipita: Wathonga, Wakaranga, Wasenga, Watumbuka. Walipofika katika nchi ambayo leo ni mkoa wa Ruvuma wakawaingiza tena Wandendeule, Wapangwa, Wabena, Wamatengo na wengineo. Mtu wa ukoo wa Moyo leo anakutana na jina lake hilo hilo huko Zimbabwe. Mashujaa walionyongwa na Wajerumani pale Songea mwezi Februari 1906 walikufa wakiitwa Wangoni, na walikuwa Wangoni kweli. Lakini ukifuata nasaba za watu wa nchi ile utasafiri kusini na kati ya Afrika kabla hujamaliza kizazi cha sita. Hayo hayawapunguzii Uungoni wao hata chembe. Yanaonyesha tu jinsi kabila linavyofanyika.

Sasa mtu aanzie wapi? Aanze na nafsi yake, aandike anachokijua kwa hakika: jina lake, la baba na mama, mahali walipozaliwa, ndugu zao kwa kufuatana. Kazi hiyo haichukui jioni moja, na mwisho wake huwa ni aibu, kwa maana wengi wetu hatuwezi kulitaja jina la mama wa bibi mzaa mama. Lugha yetu ina neno la mjukuu, la kitukuu, la kilembwe na hata la kilembwekeza. Waliotuachia maneno hayo bila shaka walikuwa na matumizi nayo.

Baada ya hapo, aende kwa mwanamke mzee kuliko wote aliye hai katika familia. Nasema mwanamke kwa makusudi. Mzee wa kiume akiulizwa habari za ukoo hunyanyuka kitini, akakohoa, akatoa orodha: fulani alimzaa fulani, naye akamzaa fulani. Orodha hiyo ameirithi, na ameisema mara nyingi katika vikao hata imekuwa laini kama mpini wa jembe. Waliokuwa na matata wamekwisha kudondoka. Bibi hana orodha, bali ana watu. Anakumbuka nani alimzalisha nani, nani alinyonyeshwa na mama asiye wake, nani aliletwa nyumbani akiwa mdogo bila kuelezwa ametoka wapi, mahari ya nani haikumalizika kulipwa. Na zipo sehemu za nchi ambako orodha ya wanaume haifai kabisa hata kwa kuanzia. Waluguru huhesabu ukoo wao, yaani lukolo, kwa upande wa mama. Ndivyo pia ilivyo kwa Wakaguru, Wamakonde na Wamwera kwa desturi zao za jadi. Mtumishi wa Morogoro anayejaza fomu kwa jina la baba na babu huwa ameacha ukoo wake nje ya karatasi.

Namna ya kuuliza ina uzito kuliko wingi wa maswali. Ukimwuliza bibi, "Sisi asili yetu ni wapi?" utapewa jibu lililokwisha kupikwa. Mwulize vitu vidogo. Nyumba aliyokulia ilikuwa na watu wangapi, na kila mmoja alilala wapi? Nani alimfunda alipovunja ungo? Siku alipoolewa alisindikizwa na nani? Msibani kwao watani waliokuja kufanya utani walikuwa watu wa wapi? (Mtani ni shahidi mzuri sana, na anasahauliwa. Kazi yake ni kukutania kwa mambo ambayo ndugu zako wanayaficha.) Kila jina litakalotajwa, liandike pamoja na jina la aliyelitaja na siku aliyolitaja. Simu ya mkononi inanasa sauti. Omba ruhusa, kisha uiweke kando isimtishe mzee. Wawili wakitofautiana, usiwapatanishe. Andika kauli zote mbili.

Wala usimpe mzee jibu kabla hajalitoa yeye. Mwamerika Alex Haley, aliyetoa kitabu chake cha Roots mwaka 1976, alifika Juffure nchini Gambia akiwa tayari na jina la Kinte na habari ya kijana aliyetekwa alipokwenda kukata gogo la kutengenezea ngoma. Habari hiyo ilijulikana kabla mzee wa kijiji hajafungua mdomo, naye akaisimulia kama ilivyotarajiwa. Wanahistoria waliofuata, akiwemo Donald Wright aliyeandika juu ya jambo hilo mwaka 1981, walionyesha kwamba ushahidi ule haukuweza kusimama. Kitabu kile kiliwaamsha watu wengi weusi wa Marekani, na kwa hilo kinastahili heshima. Lakini mzee wa Juffure alirudishiwa tu maneno ya mgeni wake. Nasi tukienda kijijini na gari, zawadi na hamu ya kuambiwa kwamba tulikuwa watemi, tutaambiwa kwamba tulikuwa watemi.

Kuhusu tarehe, msomaji asivunjike moyo. Wazee wetu walipima miaka kwa matukio, na matukio mengi yana tarehe vitabuni. Sotoka iliyoteketeza ng'ombe ni ya miaka ya 1890. Vita vya Majimaji ni 1905 hadi 1907. Wapagazi walichukuliwa kwa nguvu katika vita vya 1914 hadi 1918. Ugogo ilipatwa na njaa ya Mtunya kuanzia 1917. Homa kali ya mafua iliua watu wengi mwishoni mwa 1918. Mradi wa karanga wa Kongwa na Nachingwea ulianza 1947 na ukafa 1951. Bibi akisema kwamba mama yake alikuwa anatambaa wakati wa Mtunya, amekwisha kukupa mwaka. Hata majina yenyewe ni kalenda. Baba wa Taifa aliliacha jina la Nyerere likijulikana dunia nzima, nalo kwa Kizanaki ni jina la viwavi: baba yake, Chifu Burito, aliitwa hivyo kwa sababu alizaliwa wakati viwavi vilipoivamia nchi. Tuna akina Masika, Mashaka, Tabu na Siwema tele katika rejesta za shule, na hatuwaulizi wazee wao ilikuwa masika gani, au tabu ya nini.

Nije sasa kwenye jambo lililo gumu zaidi, ambalo ndilo hufanya tafiti nyingi za ukoo zisimame ghafla. Ni utumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Unguja na Pemba mwaka 1897 tu, na huku Tanganyika mwaka 1922. Mtoto aliyezaliwa utumwani mwaka 1915 anaweza kabisa kuwa bibi wa mtumishi wa serikali anayekaribia kustaafu leo. Si habari za kale hizo. Ndani ya familia za pwani, za Tabora, za Ujiji, za Kilwa na Lindi, wapo wanaojua na hawasemi, na wapo ambao hawakuambiwa kamwe. Utasikia, "Babu yetu alikuja tu hapa," na mazungumzo yakageuzwa.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Kwa heshima zote, methali hiyo iliwaonea watu. Mtumwa hakuiacha asili yake. Alinyang'anywa, na la kwanza kunyang'anywa lilikuwa jina. Sidi Mubarak Bombay, aliyewaongoza Wazungu kutoka pwani hadi kwenye maziwa makuu, alikuwa Myao aliyetekwa akiwa mtoto, akauzwa Kilwa na kupelekwa India; majina yote mawili anayojulikana kwayo aliyapata utumwani. Lile alilopewa na mama yake halimo katika maandishi. Mabruki, Feruzi, Farjala, Uledi: haya yalikuwa majina ambayo mabwana waliwapa watumwa, na ukilikuta katika ukoo wako, hapo ndipo kazi inapoanza kuwa na maana.

Kwa hao, maandishi ya misheni ni msaada mkubwa. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868 wakajenga kijiji cha watumwa waliokombolewa. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliondoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa, na safari ikaishia Masasi, wakakaa hapo. Vitabu vya ubatizo, ndoa na mazishi vya parokia kongwe namna hiyo vina majina ya watu ambao serikali yoyote isingewaandika. Yumkini mtu ataona haya kuomba kitabu hicho. Haya iwe kwa walionunua na kuuza. Na wale wa pwani wanaopenda kusema kwamba wao ni watu wa Shirazi watupu, wajue kwamba uchunguzi wa mifupa ya watu walioishi katika miji ya Waswahili kati ya mwaka 1250 na 1800, uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2023, ulikuta kweli damu ya Uajemi, iliyoletwa hasa na wanaume. Lakini kwa wengi wao zaidi ya nusu ya asili ilikuwa ya Kiafrika, na karibu yote ilitoka kwa mama zao.

Ukoloni nao ulichafua majina kwa njia yake. Kijana wa Kigoma, Njombe au Songea aliyekwenda mashamba ya katani ya Tanga aliitwa manamba kwa sababu alihesabiwa kwa namba. Tangu mwaka 1944 chama cha wenye mashamba kilikuwa na ofisi yake ya kukusanya vibarua, SILABU, iliyowaleta kwa maelfu kutoka mikoa ya mbali, na hata kutoka Rwanda, Burundi na Msumbiji. Mkononi alikuwa na kipande cha siku 30 za kazi. Kilimtambulisha, na kwenye kipande jina lilikuwa lile alilolisikia karani. Wengine walitoa jina la uongo wakusudie kutoroka. Wengine walijiandikisha kwa kabila la rafiki ili wapangwe kambi moja. Kwa hiyo ukoo wa Muheza ambao leo unajiita kwa kabila fulani unaweza kuwa umeingia katika kabila hilo mlangoni pa kambi. Kama nyumbani mwenu kuna kisanduku cha bati cha babu, mtafute humo kipande, stakabadhi ya kodi ya kichwa, cheti cha jeshi la KAR au karatasi ya Wenela kutoka migodi ya Afrika Kusini. Kipande kilichofifia kina thamani kuliko hotuba ya saa moja.

Yapo pia mambo yaliyotokea katika zama zetu wenyewe, nayo hatuna sababu ya kuyapita kimya. Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kufikia mwisho wa mwaka 1976 kuishi vijijini ni lazima, na katika Operesheni Vijiji mamilioni ya watu walihamishwa. Shabaha ilikuwa kuwafikishia shule, maji na zahanati, na shule nyingi ambazo wasomaji wa ukurasa huu wanafundisha zilijengwa kwa mpango huo. Lakini watu walihama na makaburi hayakuhama. Yalibaki kwenye mahame, chini ya mibuyu na miembe ambayo leo inaonekana porini bila nyumba hata moja karibu. Aliyekuwa na miaka kumi na mitano wakati ule, akaona baba yake akibeba kizingiti cha mlango kichwani, sasa amepita miaka sitini na mitano. Yeye bado anaweza kukupeleka hamani akakuonyesha, "Hapa palikuwa jikoni kwa bibi yako, pale kalala babu." Watoto wake hawawezi. Mfuate kiangazi hiki, nyasi zikiwa zimeungua na njia inaonekana. Chora ramani, piga picha, andika majina papo hapo.

Nyaraka za serikali ziendewe mwisho, si mwanzo, kwa kuwa mtu asiye na majina kutoka nyumbani hatajua anatafuta nini. Nyaraka za Taifa mjini Dar es Salaam zina majalada ya Wajerumani (kwa mwandiko ambao Wajerumani wa leo wenyewe wengi hawausomi) na ya Waingereza, vikiwemo vitabu vya wilaya ambamo mabwana shauri waliandika habari za koo na watemi. Visomwe kwa tahadhari. Gavana Donald Cameron alileta utawala wa kupitia kwa wenyeji, na sheria yake ikapitishwa mwaka 1926. Tangu hapo kila aliyetaka uchifu alijua kwamba nasaba nzuri ina mshahara. Bwana shauri aliuliza nani ana haki ya kutawala, akajibiwa hilo. Hakuuliza habari za mkulima wa kawaida, na mkulima hayumo.

Kwa walimu lipo neno la pekee. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiongozwa na Gilbert Gwassa na John Iliffe, walikwenda kuwahoji wazee waliovishuhudia Vita vya Majimaji. Kwa daftari na kalamu waliokoa ushahidi ambao miaka ishirini baadaye usingepatikana kwa fedha yoyote. Zoezi la namna hiyo linaweza kufanywa na darasa la sita la leo. Waliokuwa na miaka ishirini siku ya Uhuru wamepita themanini, lakini bado wako vijijini mwetu na wanaongea. Ila mwalimu asimsimamishe mtoto mbele ya wenzake ataje babu zake. Wapo watoto wasiowajua baba zao, wapo yatima, wapo wanaolelewa na watu wasio ndugu. Zoezi liwe kumhoji mzee yeyote wa kijiji, na mtoto aandike alichoambiwa.

Na kwa watumishi wa masjala za mahakama, za halmashauri na za shule kongwe, lipo ombi. Kila mara kabati linapojaa, hutokea mtu mwenye bidii ya usafi akapendekeza kwamba majalada ya zamani yachomwe. Rejesta ya shule ya mwaka 1938 yenye jina la mtoto, la baba yake na la kijiji kilichokwisha kuwa hame, ni uchafu machoni pake. Sheria Namba 3 ya mwaka 2002 ya Kumbukumbu na Nyaraka hairuhusu ofisi ya umma kuharibu kumbukumbu zake kwa uamuzi wake yenyewe; zipo taratibu, na yupo Mkurugenzi wa idara inayohusika wa kuandikiwa barua. Kabla ya kiberiti, iandikwe barua hiyo. Na mchwa wa masjala, ambao hawasubiri kibali cha mtu, wapigwe dawa mwaka huu huu wa fedha.